Wajumbe wa Mashati Mawili

Mlioniacha wiki iliyopita nimesimama juu ya meza ya cherehani nikiwafokea wapima ardhi wa Mkandarasi, poleni kwa kusubiri. Sikuanguka. Waliondoka wao na vyuma vyao, mimi nikabaki pale juu hadi miguu ikafa ganzi.

Kwa aliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, niseme kwa kifupi. Mimi ni fundi wa nguo, mke wa mtu na mama wa watoto wanne. Kiwanda ambacho mume wangu alikuwa akitunza stoo kilifungwa miezi kumi iliyopita. Mwezi huohuo tukaambiwa safu yetu ya vyumba kumi na tisa vya kazi itabomolewa ili Mkandarasi ajenge ghorofa. Likaletwa tingatinga. Mwalimu, mama wa watu, mkuu wa shule mstaafu, akaja na kiti chake cha plastiki akakaa mbele ya lile tingatinga kutwa nzima. Jioni likarudi lilikotoka.

Sasa wote wawili, Mwalimu na Mkandarasi, wanataka chama kiwasimamishe kugombea kiti cha jimbo. Wanaoamua ni wajumbe mia na ishirini na mmoja. Mmoja wao ni mimi. Mwingine ni mume wangu.

Mkandarasi akipita, mimi sina pa kuweka cherehani. Mengine yote mtakayosoma leo yametoka hapo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa natia vifungo shati la sitini na nane. Kinyozi, ambaye chumba chake kimepakana na changu, aliingia bila hodi, taulo la mteja bado begani.

"Fundi, tumefika wangapi?"

"Sitini na nane. Tunahitaji sitini na moja. Nenda kanyoe watu, kaka, sisi tumeshinda."

"Tumeshinda wapi? Mimi kwenye kiti changu nina hamsini na watano tu."

Hapa lazima niwaeleze tunavyohesabu. Kwetu mjumbe haulizwi atampa nani kura, ni kumkosea adabu. Kila kambi inashonesha mashati, na mjumbe akikubali kupimwa, amehesabiwa. Mashati ya Mwalimu, ya samawati, nashona mimi. Kila aliyesimama mbele yangu akanyoosha mikono nimemwandika kwenye daftari: jina, kola, kifua, mkono. Kinyozi yeye anahesabu kwa maneno ya wateja wanaponyolewa.

"Mtu mwenye wembe shingoni hasemi uongo," aliniambia.

"Mtu mwenye wembe shingoni anasema chochote unachotaka kusikia. Mimi nina vipimo."

"Na mwenzako ng'ambo ya barabara naye ana vipimo. Anashona ya njano, ya Mkandarasi. Ana sitini na sita."

Kifungo kikanidondoka.

"Nani kakuambia?"

"Mteja aliyeliona daftari lake. Haya, wewe mwenye vipimo, sitini na nane na sitini na sita ni ngapi?"

Ni mia na thelathini na nne. Na wajumbe ni mia na ishirini na mmoja. Kwa hiyo kulikuwa na watu kumi na watatu, kwa uchache, waliosimama mbele yangu wakanyoosha mikono, wakaniambia "asante mama", kisha wakavuka barabara wakanyoosha tena kule.

Damu ilinichemka. Nilikuwa nimemwapia Mwalimu mbele ya watu kwamba hesabu yangu haina shaka, na yeye akaacha kuzunguka kuomba kura kwa kuniamini mimi.

"Nenda kwa mwenzako mkalinganishe madaftari," alisema Kinyozi. "Tuwajue hao wa mashati mawili kabla ya kesho."

"Kwa yule? Bora nife."

"Basi ufe haraka, kura ni kesho saa nne."

Yule fundi wa ng'ambo ni binti tunayemwita Kidole, kwa sababu wiki yake ya kwanza ya kujifunza alijishona kidole na cherehani. Alijifunza kwangu. Nilimfundisha miaka mitatu, kisha nikamfukuza mbele ya mtaa mzima nikimwita mwizi. Alikuwa ameiba, nilisema, mita nne za satini nyeupe ya mteja.

Sijawahi kuandika sentensi inayofuata. Kidole hakuiba. Miezi mitatu baadaye nilisogeza kabati nifagie, nikaikuta satini imeanguka nyuma yake. Nikanyamaza. Nikaishona foronya nne, nikajiambia yaliyopita yamepita. Hiyo ni miaka minne sasa.

Mnaweza kunitukana, nitasubiri mmalize. Lakini siku ile nililiweka daftari kwapani, nikavuka barabara kichwa juu kama mtu asiye na deni na dunia.

"Shikamoo," alisema Kidole. Hakusimama.

"Marahaba. Nimekuja kwa kazi."

"Najua kilichokuleta. Na mimi watu wangu wananisumbua, wanataka kujua kama mashati sitini na sita ni kura sitini na sita. Lakini ulinifundisha mwenyewe kwamba vipimo vya mteja havitoki dukani."

"Nilikufundisha."

"Basi tusome namba tu. Majina tusitaje."

Nikakubali. Tukakaa pande mbili za meza yake ya kukatia, kila mtu na daftari lake, nikaanza kusoma.

"Kola kumi na saba na nusu. Kifua arobaini na sita. Tumbo hamsini."

"Ninaye. Ila kwangu tumbo ni hamsini na moja."

"Ulimpima lini?"

"Alhamisi."

"Mimi Jumanne. Mpumbavu huyu anakula pande zote mbili."

Kidole akacheka, nami nikacheka, kisha tukakumbuka kwamba hatuongei. Tukaendelea na nyuso zetu kavu. Mgongo mrefu, bega la kulia limeshuka, tulikuwa naye wote. Mama wa kifua arobaini na nane anayetaka mikono ipite kiwiko, naye tulikuwa naye sote wawili. Nilikuwa naweka alama ya chaki kila tulipokutana. Tukafika kumi na watatu na daftari halijaisha. Tukafika kumi na wanne.

Kisha Kidole akafunika ukurasa wake kwa kiganja.

"Mama Fundi, tuishie hapa."

Alikuwa hajaniita hivyo tangu siku niliyomfukuza.

"Soma."

"Si lazima."

"Nimesema soma!"

Akasoma taratibu, akitazama meza. "Kola kumi na tano na nusu. Kifua thelathini na tisa. Mkono wa kulia ishirini na tano. Wa kushoto ishirini na nne."

Sikuhitaji kutazama daftari langu. Mkono ule wa kushoto ulivunjika utotoni ukaungwa vibaya, na kwa miaka ishirini na miwili nimeukatia kitambaa inchi moja pungufu. Ni mkono wa mume wangu.

Alikuwa wa kumi na tano, na wa mwisho; nikafunga daftari. Nikainuka. Kidole akanisindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo sikulitarajia.

"Wewe utampa nani?" nilimuuliza. Ndiyo, nilimkosea adabu.

"Kushona ni kazi. Kura ni kitu kingine," alijibu. "Na usidhani nimesahau. Ulinifukuza mbele ya watu."

Nilimkuta mume wangu jikoni anaosha vyombo.

"Baba watoto, umepimwa wapi?"

"Si kwako, wiki iliyopita? Umesahau?"

"Na wapi tena?"

Sahani ikatulia majini.

"Nani kakuambia?"

"Mkono wako wa kushoto."

Alijifuta mikono polepole, kila kidole peke yake. Mume wangu hajui kusema uongo mara mbili mfululizo, na hilo ndilo lililonifanya niolewe naye.

"Ameniahidi stoo," alisema. "Kuanzia mwezi ujao. Saruji, nondo, mabati, kila kitu kitapita kwangu."

"Mabati ya ghorofa gani? Ile itakayosimama juu ya cherehani yangu?"

"Cherehani inahamishika, mama. Miezi kumi mimi naomba nauli kwa mke wangu. Mtoto akitaka kalamu anapita mbele yangu kama mimi ni mpita njia, anakuja kwako. Umewahi kuliona hilo?"

Hapo alinipata. Sikuwa nimeliona. Nilikuwa naona vyombo vimeoshwa nashukuru, sikuuliza mwoshaji anajisikiaje. Niliumia, na nikamwambia nimeumia.

"Lakini ungeniambia," nilisema.

"Ungenisikiliza? Siku hizi ukisikia neno Mkandarasi unapanda mezani."

"Na nitapanda tena!"

"Panda. Kura yangu ni yangu."

"Na yangu ni yangu. Nipishe nichote maji."

Mchana ule tulikutana kwa Kinyozi. Alifunga mlango, akaninyooshea kile kiti chake cha kuzunguka, yeye akakaa kwenye ndoo. Alikuwepo pia Shangazi, shangazi wa mume wangu, mkunga mstaafu. Yeye si mjumbe, lakini nusu ya wajumbe walizaliwa mikononi mwake, na anawahesabu kwa walivyokuja duniani.

Nikavunja mwiko wa kazi yangu. Nikawasomea majina yote kumi na matano ya mashati mawili.

"Huyu wa tumbo hamsini ni wetu," alisema Kinyozi. "Aliniambia akiwa na povu kidevuni."

"Huyo alitoka miguu kwanza," alisema Shangazi. "Mama yake alihangaika siku mbili. Mpaka leo hajui aelekee wapi, ila mwisho huenda kwa mwenye gari. Mwandike kwao."

"Shangazi, mtu wa miaka hamsini unamhukumu kwa alivyozaliwa?"

"Na wewe unamhukumu kwa povu! Andika."

"Na huyu mama wa kifua arobaini na nane?"

"Wetu," nilisema mimi. "Alipokuja kuchukua shati alilivaa palepale, akaenda nalo sokoni. Asiyempenda Mwalimu asingevuka soko na samawati."

"Labda lilimpendeza tu," alisema Kinyozi.

"Kazi yangu hupendeza, ndiyo. Lakini mwandike kwetu."

Tulibishana hivyo hadi sauti zikakauka. Kinyozi alirusha taulo mara mbili. Shangazi alitishia kuondoka mara tatu, na kila mara alikaa vizuri zaidi. Likabaki jina moja, na Kinyozi akashindwa kulisoma.

"Na shemeji?"

"Mwandike kwao," nilisema.

"Mwanangu yule?" Shangazi alivua miwani.

"Kwao, Shangazi. Kaniambia mwenyewe."

Alifuta miwani kwa upindo wa nguo kwa muda mrefu, akaivaa tena.

Kinyozi akajumlisha kwa chaki yangu juu ya kioo chake. Waliopimwa kwetu tu, hamsini na watatu, na sita wa mashati mawili tuliowaamini: hamsini na tisa. Waliopimwa kwao tu, hamsini na mmoja, na tisa wa mashati mawili: sitini.

"Tumepigwa kwa moja," alisema.

"Ngoja," nilisema. "Hamsini na tisa na sitini ni mia na kumi na tisa. Wajumbe ni mia na ishirini na mmoja. Wawili wako wapi?"

Tukarudia. Mia na kumi na tisa tena. Kulikuwa na wajumbe wawili ambao hawakupimwa popote. Kinyozi akaanza kuwataja wagonjwa na wasafiri, na wote walikuwa na mashati.

Shangazi alikuwa ananitazama mimi.

"Na wewe mwanangu," aliuliza, "nani alikupima?"

Hakuna aliyenipima. Fundi hajisimamishi mbele ya futi, anajikatia kwa macho. Nilikuwa nimeandika jimbo zima kwenye daftari nikajisahau mwenyewe. Nami nikiongezwa, tulikuwa sitini kwa sitini.

"Sawa, wa pili ni nani?" Kinyozi aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Nani mwingine asiyepimwa?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Kidole naye ni mjumbe wa tawi lake. Naye ni fundi, na anajikatia kwa macho, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

"Yule binti," alisema Shangazi. "Nasikia mna ugomvi. Ulimfanya nini?"

"Utasikia kesho, pamoja na wengine wote."

Jumamosi saa nne ukumbi ulijaa. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa amepiga marufuku mashati ya kambi, kwa hiyo kila mtu alikuja na nguo zake za kawaida, na wale wa mashati mawili walikaa katikati wakipeana tabasamu na kila upande. Mume wangu alikaa safu ya tatu. Tulikuwa tumetoka nyumba moja, tukapita njia mbili.

Kabla karatasi hazijagawiwa, nikanyoosha mkono.

Mwalimu aligeuka kutoka kwenye kiti chake cha mbele. Alikuwa ameshausoma uso wangu, miaka yote ile ya kufundisha si bure. "Fundi, kaa chini," alininong'oneza. "Chochote hicho, kiseme kesho."

"Kesho hakitakuwa na kazi, Mwalimu."

"Una hoja ya uchaguzi?" aliuliza Msimamizi.

"Nina jambo linalomhusu mjumbe wa kikao hiki. Nilimchafulia jina hadharani, nataka kulisafisha hadharani."

Nikasema. Nilisema satini, mita nne, nyuma ya kabati. Nilisema foronya. Watu wengine walicheka kwenye foronya, nikawangoja wanyamaze. Nilimwita Kidole kwa jina lake lote alilopewa na wazazi, nikasema: huyu si mwizi, hajawahi kuwa mwizi, mwongo ni mimi.

Nikasema na hili pia, ili asiwepo wa kunisema nyuma: ndiyo, nimechagua kuyasema leo kwa sababu nataka kura yake. Lakini lingekuwa kweli hata siku isiyo na kura.

Kidole hakunitazama. Alikuwa ameinama, anageuzageuza kadi yake ya ujumbe. Mama aliyekaa jirani yake alimshika bega.

Nilidhani nimemaliza. Nikataka kukaa.

"Mheshimiwa Msimamizi!" Alikuwa Wakala wa Mkandarasi, kijitabu cha katiba ya chama tayari kimefunguliwa mkononi. "Mjumbe amekiri udanganyifu mbele ya kikao. Kifungu cha ishirini na nne kiko wazi. Mjumbe akikiri udanganyifu, kikao kinaweza kumnyang'anya kadi papo hapo. Natoa hoja anyang'anywe."

"Naunga mkono!" Yule wa tumbo hamsini. Alisimama upesi kuliko nilivyowahi kumwona akisimama.

Nikapiga hesabu pale pale niliposimama. Bila mimi tulikuwa hamsini na tisa. Hata kama Kidole angenisamehe na kutupa kura yake, tungekuwa sitini kwa sitini, na safu yetu ingening'inia hapo. Na asipotupa, imekwisha. Nilikuwa nimemtafuta mjumbe mmoja nikampoteza mwingine, na huyo mwingine ni mimi.

Mwalimu alikuwa amejishika paji la uso. Sikumlaumu.

"Fundi, una la kujitetea?" aliuliza Msimamizi.

"Sijitetei. Nilikosa, nimesema. Lakini kabla hamjaichukua kadi hii, na wale waliovaa mashati ya watu wawili kwa wiki moja wasimame nao waseme. Ninawajua wote. Ninajua mpaka unene wa shingo zao."

Ukumbi ukalipuka. Wengine walipiga meza, wengine walinizomea. Katikati pale, watu kama kumi na watano hivi hawakupiga wala kuzomea. Msimamizi aligonga hadi kimya kikarudi, akasoma kile kifungu mwenyewe, midomo ikicheza, kisha akasoma tena.

"Katiba inasema hoja hii haiamuliwi kwa karatasi," alitangaza. "Inaamuliwa kwa mikono, wazi. Kila mjumbe ataonekana."

Hapo hata Wakala alibadilika rangi. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Wale wa mashati mawili walianza kutazamana, maana mkono haunyooshwi pande mbili kwa wakati mmoja. Ningejua hesabu ya kweli ya jimbo hili kabla ya sanduku la kura kuguswa, na ningeijua kwa kutazama nani ananitaka nje.

"Wanaounga mkono mjumbe huyu anyang'anywe kadi," alisema Msimamizi, "wanyooshe mikono."

Kwa muda hakuna aliyenyoosha. Nilimtafuta Kidole, nikaona watu wamemziba. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa safu ya tatu.

Mume wangu hakunyoosha mkono tu, alisimama kabisa. Aligeuka akanitazama usoni, mkono juu, machozi yakimlengalenga, na hakuushusha.

Kila mtu alisubiri nilie. Nikapanda juu ya kiti ili niwaone wote mpaka nyuma, nikamnyooshea mume wangu kidole, nikaanza kuhesabu kwa sauti.

"Mmoja."